Siku Tulipooga Nyumba Kubwa

Kama uliwahi kufulia nguo majani ya mpapai kwa sababu duka zima la kijiji halikuwa na kipande cha sabuni, basi wewe ni wa rika langu, na haya nakusimulia wewe. Vijana wakiyasikia hukunja nyuso, wanadhani tunatunga. Mjukuu wangu Glori, mwenye miaka kumi na miwili, aliponisikia nikitaja hayo majani aliniuliza kwa upole kabisa, "Bibi, kwani hamkuwa na ya maji?" Nikamwambia maji tulikuwa nayo tele, sabuni ndiyo haikuwapo.

Ndiyo maana likizo hii nilimchukua kutoka Morogoro nikampeleka kuona nilikokulia. Nimestaafu ualimu, magoti bado yananitii, nikaona nisingoje yagome.

Nilikulia chini ya milima ya Udzungwa, kati ya Mang'ula na Kisawasawa, katika shamba la kakao ambalo watu wote waliliita Kwa Mgiriki. Huyo Mgiriki sisi hatukumkuta. Wazee walisema alifungua shamba zamani za ukoloni, akajenga nyumba ya mawe yenye baraza pande tatu juu ya kilima, akapanda mivule kandokando ya njia, kisha akateremsha maji ya mlimani kwa mabomba ya chuma. Alipoondoka, serikali ikalichukua shamba na kuleta Meneja, lakini jina lilibaki la Mgiriki.

Nilizaliwa katika laini, zile nyumba ndefu za wafanyakazi zenye vyumba vilivyoshikana. Baba alitoka Mahenge, akavuka mto kwa kivuko akiwa na mkeka na jembe, akapewa kazi ya kulinda Nyumba Kubwa. Upande huu wa mto hatukuwa na shamba wala ndugu. Chumba kile cha laini ndicho kilikuwa kwetu, na kilikuwa kwetu kwa sababu baba alikuwa na kazi. Jambo hilo nilikuja kulielewa ukubwani. Utotoni nilidhani laini ni yetu kama jua lilivyo letu.

Na tulifurahi! Msimu wa kakao watoto wote tulikwenda kuokota. Ukipasua lile tunda unakuta mbegu zimevikwa utelezi mweupe, mtamu wenye uchachu kwa mbali. Tulizinyonya mbegu, kisha tukazitema kwenye masanduku ya kuvundikia. Nyapara akipita tulinyamaza kimya, mashavu yametuna kama ya panya buku. Kakao ikishavundikwa ilinuka pombe na siki laini nzima, hata nguo za Misa zilinuka hivyo. Kisha ilianikwa kwenye chanja, nasi tukapanda juu kuigeuza kwa miguu. Glori anapenda sana chokoleti. Sijamwambia bado kuhusu miguu.

Chumba cha jirani alikaa rafiki yangu Tatu na mama yake. Mama Tatu alikuwa dobi wa Nyumba Kubwa, akifua na kupiga pasi nguo za Meneja na za wageni wake. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyegombana na mtu. Mumewe alibaki kwao Idete akilima mpunga na kuvua samaki. Mara mbili kwa mwezi alikuja kwa baiskeli, nyuma amefunga kambale wakavu na mfuko wa pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa ukatwangwa mpaka ukawa bapa. Siku hiyo sisi watoto tulimpokea mbali, tukaisukuma baiskeli kana kwamba imekwama. Idi tulikula kwao, Krismasi wakala kwetu, na mtoto aliyekosea alichapwa na mama aliyekuwa karibu zaidi.

Shuleni tulikwenda kwa miguu, jua bado halijachomoza vizuri, kila mmoja na jembe au fagio au dumu la maji. Tukifika ni mchakamchaka, nyimbo kooni na vumbi puani. Glori akienda shule ya jirani na kwetu hupanda basi la shule, na bado hurudi akisema amechoka.

Basi tukafika. Shamba la Mgiriki siku hizi ni hifadhi. Shirika la serikali lililoliendesha lilipokufa, kakao iliachwa, mwitu ukarudi wenyewe, tembo wakaanza kupita humo wakishuka kutoka mlimani kwenda bondeni. Mwishowe pakatengwa pasilimwe wala kukatwa mti. Langoni tulipokewa na binti mwenye sare ya kijani na buti, jina lake Neema, mwongoza wageni.

"Shikamoo mama. Karibuni sana."

"Marahaba mwanangu. Mimi nimezaliwa humu."

Akadhani natania. Nilipomwonyesha palipokuwa zahanati na palipokuwa mizani, akaacha kuniongoza akaanza kunifuata.

Laini hazipo. Zimebaki vizingiti vya saruji kwenye majani, vimepangana kama meno ya chini ya mzee. Nilihesabu mpaka cha saba nikasimama juu yake. Mtini umeota katikati ya chumba tulimolala sita. Mibuni michache na mikakao mikongwe bado inazaa kwenye kivuli, na wanaokula ni nyani. Juu ya mivule, mbega wenye mikia mirefu walikaa wakitutazama kama wazee wa baraza. Uwanja wetu wa kuchezea mpira wa rede umejaa vinyesi vya tembo. Palikuwa na baridi, kimya, na harufu ya majani yaliyooza, na nilijisikia vizuri kuliko nilivyotarajia. Glori yeye aliinua simu juu huku na huku kama mtu anayetafuta ndege.

"Hapa mtandao unashika juu ya kichuguu tu," Neema akamwambia.

Akapanda. Mchakamchaka haujapotea kabisa.

Tukaingia Nyumba Kubwa. Imekarabatiwa, kuna picha za zamani ukutani na viti vya kukunja. Tulikuwa na wageni wengine wawili, vijana wa chuo. Sebule ina sakafu ya mbao za mvule, imeng'arishwa vizuri, isipokuwa kona moja yenye kiraka kikubwa cha saruji. Neema akakionyesha kwa kidole.

"Hapa mbao zilioza. Enzi za Meneja kulikuwa na dobi mmoja mzembe, aliacha koki ya bafuni wazi, maji yakashinda yanamwagika. Alifukuzwa siku hiyohiyo."

Wale vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Alikuwa anachati huyo." Wakacheka tena.

Mimi nilishika mgongo wa kiti.

Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa mwaka ule wa njaa, wa unga wa njano wa msaada na foleni za kila kitu. Mama alikuwa amejifungua pacha, hawajamaliza hata mwezi. Baba alikuwa na homa, lakini mlinzi mwenye homa ni mlinzi bado, akaenda kazini hivyohivyo. Meneja alikuwa Ifakara kwa shughuli zake. Mchana nilipompelekea baba uji nilimkuta amelala kwenye kibanda chake, anatetemeka chini ya koti. Funguo zilining'inia msumarini.

Tatu ndiye aliyekuwa amenisimulia, kutoka kwa mama yake, kwamba ndani ya Nyumba Kubwa kuna sinki la kuogea ambalo mtu mzima analala akajinyoosha, na kuna sabuni ya waridi yenye harufu ya maua. Nilimwita kwa mluzi. Nikachukua ufunguo. Sitasema tulichukua, maana mkono ulikuwa wangu.

Lile sinki lilikuwa jeupe, lina miguu kama ya simba. Tukafungua koki, maji ya mlimani yakaja kwa nguvu, baridi mpaka meno yanagongana. Tukaingia wawili. Tukajipaka ile sabuni kichwani, masikioni, kila mahali, tukasuguana migongo, tukajitazama kwenye kioo tumejaa povu, weupe kama wazungu. Sijawahi kucheka vile. Kisha tukasikia kitu kimeanguka nje, sijui hata kilikuwa nini, pengine tawi. Tukatoka mbio, nguo mkononi. Nilifunga mlango, nikarudisha ufunguo msumarini. Baba hakuamka. Koki hatukuifunga.

Alasiri Mama Tatu alikwenda kupiga pasi, akakuta maji yanatoka chini ya mlango. Meneja alirudi kabla hajamaliza kuyakausha. Sisi watoto tulisimama mbali tukaona zulia likiburutwa nje, linachuruzika. Meneja akauliza kwa sauti kila mtu asikie, "Nani aliingia humu?" Baba alikuwa amesimama pale, uso umemsawijika kwa homa. Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua.

Mama Tatu akatangulia. "Ni mimi, bwana. Nilichota maji ya pasi nikasahau koki."

Kesho yake asubuhi walifunga mizigo. Tatu hakuniaga. Alinitazama tu kutoka nyuma ya baiskeli ya baba yake, nami nikatazama miguu yangu. Hatukuonana tena. Nilisoma, nikafundisha, nikaolewa, nikazika wazazi. Nimewaambia wanafunzi mara elfu kwamba kukiri kosa ni ushujaa, na kila nilipolisema nilijisikia kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Sasa nilikuwa pale pale, na uongo wangu umekuwa historia, unasimuliwa na binti mwenye sare.

"Neema," nikasema. "Si kweli."

"Nini, mama?"

"Dobi hakuwa mzembe. Ni mimi niliyeiacha koki. Niliiba ufunguo kwa baba yangu, tukaoga humo, mimi na mwenzangu. Yule mama alijitwika kosa ambalo si lake."

Wale vijana waliacha kucheka. Glori aliteremsha simu taratibu akanitazama kana kwamba nimevua kichwa.

 Neema akaniuliza jina la yule dobi. Nilipomwambia alikuwa Mama Tatu wa Idete, akashika kiuno. "Tatu? Si ndiye anayetuletea mchele wa jikoni hapa! Mama yake yu hai. Mzee, lakini yu hai."

Nilikaa kwenye kile kiti.

Kesho yake tulikodi gari Ifakara tukaenda Idete. Njia nzima mpunga ulikuwa umeshavunwa, mashamba yamebaki mabua, korongo weupe wametapakaa wakiokota vijidudu. Nilikuwa nimenunua kanga na sukari. Glori aliniambia, "Bibi, si lazima uende, imeshapita." Watoto wa siku hizi husamehe haraka, hasa makosa wasiyoyabeba.

Tatu alikuwa uani anapepeta mchele. Amenenepa, amevaa miwani. Alinitazama, ungo ukasimama mkononi.

"Skola," akasema. Hakuuliza. Ungo ukawekwa chini, tukashikana mpaka kuku wakaanza kuula mchele na Tatu akawafukuza huku analia.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, amejifunga ushungi, miguu ameinyoosha juani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni nani?"

"Skola, mama. Mtoto wa yule mlinzi. Kwa Mgiriki."

Akanyoosha mkono akanishika uso, akaupapasa kama mtu anayechagua embe. "Umezeeka," akasema. "Baba yako hajambo?"

"Alishatangulia, mama."

"Mungu amrehemu."

Ikabidi niseme kwa sauti, maana masikio yake yamechoka, kwa hiyo nilikiri mbele ya ua zima na majirani wawili waliokuwa wakisuka mikeka. "Mama, ile koki. Ni sisi. Mimi ndiye niliyechukua ufunguo. Ulifukuzwa kwa ajili yangu, na mimi nikanyamaza."

 Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Skola," akasema, akicheka, "nchi nzima haina sabuni, ninyi wawili mnapita laini mnanukia waridi. Unadhani nani hakujua?"

Tatu akafunika uso kwa kanga.

"Ulijua? Mbona ulijitaja?"

"Ningefanyaje? Baba yako alikuwa amelala zamuni. Meneja angeuliza ufunguo ulitoka wapi. Mngefukuzwa siku ile, mama yako ana vichanga viwili, mwende wapi? Sisi tulikuwa na shamba letu hapa na baba Tatu na nyavu zake. Nilikuwa na pa kurudi. Ninyi hamkuwa napo."

Aliyasema hivyo, kama mtu anayeeleza kwa nini alipika maharage badala ya kunde.

"Na baba? Baba naye alijua?"

"Alikuja hapa homa ilipomwacha. Akanishukuru, akataka kukuleta uombe radhi, nikamkatalia. Mtoto wa miaka kumi ataliweka wapi jambo kubwa hivyo? Akaja kutuvunia mpunga, yeye na mundu wake. Alikuja miaka minne."

Baba kila mavuno aliaga kwamba anakwenda Mahenge kuwaona ndugu zake. Alikufa bila kuniambia. Nilikaa kwenye mkeka ule nikalia kwa raha, kama mtoto ambaye hatimaye amechapwa.

Mama Tatu aliniacha nimalize. Kisha akainama, akauliza kwa shauku kabisa, "Sasa niambie. Mlitakata?"

"Tulitakata, mama."

"Basi."

Nilimweleza habari za hifadhi, na kile kiraka, na maneno wanayoambiwa wageni. Nikamwahidi kwamba nitarudi kwa Neema aache kumwita mzembe. Hapo ndipo alipokasirika kidogo, kwa mara ya kwanza. "Mzembe? Mimi? Niliyekuwa napiga pasi mashati kumi bila kovu?" Akafikiri. "Mwambie aseme hivi: sakafu iliharibiwa na watoto wawili waliotaka kunukia vizuri."

Nimemwambia. Neema alinipigia juzi, akasema wageni wanaipenda zaidi hivyo.

Nimekuwa nikiyafikiria haya tangu turudi. Leo jambo kama lile lingepigwa picha kabla maji hayajakauka, lingezunguka kwenye simu za wazazi wote, kila mmoja akithibitisha kwamba mtoto wake hakuwapo. Sisemi enzi zetu zilikuwa bora kwa kila kitu. Pacha mmoja wa mama hakufikisha mwaka, na zahanati ilikuwa na bakuli la vidonge vya aina moja. Mjukuu wangu hatapata njaa ya unga wa njano, nashukuru. Lakini tulikuwa tukicheza katikati ya watu wazima waliotubeba bila sisi kujua tumebebwa, na walikufa bila kudai shukrani.

Mbega wametengewa msitu, tembo wametengewa njia yao ya kushukia bondeni, hata mikakao ya Mgiriki ina kibao chenye maelezo. Ni jambo jema, na nimeliona kwa macho yangu. Ila watu wa aina ya Mama Tatu hakuna aliyewatengea hifadhi. Wanaketi barazani Idete, miguu juani, na wanapungua.